Mbuzi Aliyefungwa Nyuma ya Chumba cha Mashine

Mwaka ule tulikula mahindi ya njano. Mtu wa Nyeri wa rika langu ukimwambia hivyo hakuulizi tarehe, anakunja uso tu, kwa sababu ile harufu bado iko puani. Mvua ilikataa, mahindi yetu meupe yakakaukia shambani yakiwa hayajafika kiunoni, na serikali ikaleta mengine kwa meli. Yalichemka kutwa nzima bila kulainika, na ugali wake ulikuwa na utamu fulani wa kuudhi, kama chakula ambacho mtu mwingine amekitafuna kabla yako. Watu walisema ati huko yalikotoka hupewa ng'ombe. Tulikula. Asiyekula alilala njaa, na aliyelala njaa hakuamka na nguvu za kuringa. Githeri yetu ya mchana, pale kwenye kibanda kilichokuwa nyuma ya ofisi za chama cha kahawa mjini Nyeri, ilikuwa ya njano yote, na maharagwe ndani yake yalikuwa machache hivi kwamba ukilipata moja unamwonyesha mwenzako. Nyama ilikuwa hadithi. Ndio mwaka niliofanya kazi kwenye chumba cha mashine, na ndio mwaka niliofukuzwa.

Sikuwa na nia ya kuandika habari hizi. Lakini juzi nilikwenda Kangema kwenye sherehe ya mahari, upande wa bibi harusi ni watu wetu, na kwenye meza ya wazee nikamkuta Bwana Mathenge, aliyekuwa meneja wetu siku hizo. Ana meno mapya sasa na fimbo ya kung'aa. Aliponiona akanyoosha ile fimbo kwangu kama mtu anayechagua kuku sokoni, akawaambia waliokaa naye, "Mnamwona huyu? Huyu ndiye msichana aliyeangusha kahawa ya watu." Wakacheka, midomo imejaa wali. Kisha akainama kuniambia kwa sauti ya chini, ati kama salamu, kwamba Injinia Wekesa, yule wetu wa kompyuta, alikufa, wamemzika kwao magharibi, na kwamba alikuwa mtu mzuri sana. Sahani yangu niliiweka chini na sikuishika tena. Mjukuu wangu aliyenipeleka akaniambia, "Cucu, achana na huyo mzee, ataenda tu." Ataenda, ndiyo. Lakini Wekesa ameenda na ukweli mfukoni, na huyu naye akienda nitabaki mimi peke yangu na sifa ya kuangusha kitu ambacho sikuangusha. Kwa hivyo naandika. Nilifika darasa la nne tu, na Kiswahili changu ni cha soko la Karatina, lakini jina langu Nyaguthii nalijua kuliandika tangu zamani.

Chama chetu kilikuwa cha wakulima wa kahawa, chama kidogo ambacho kimeshavunjika, na kazi ya ile mashine ilikuwa kuweka kilo. Mkulima akipeleka kahawa kiwandani inapimwa, anapewa kadi, na kadi nyingine inaletwa mjini ili Mama Njoki na wenzake waipige kwa taipu hadi iingie kwenye kompyuta. Mimi niliajiriwa kufagia. Chumba cha mashine kilikuwa na baridi kama ya kule Gakoe karibu na msitu alfajiri, kwa sababu mtambo mmoja mkubwa ukutani ulipuliza hewa mchana kutwa, na wewe nje unaungua na kiangazi. Tulivua viatu mlangoni. Diski za siku hizo hazikuwa hivi vidude vya kutia mfukoni. Zilikuwa sahani pana za rangi ya kahawia, zimepangwa moja juu ya nyingine kama keki ya harusi, na juu kifuniko cha plastiki chenye mkono wa kubebea. Nzito. Wekesa aliniona nikibeba ndoo mbili za maji kutoka bombani bila kumwaga, akasema huyu ana mikono, mpeni diski. Tangu siku hiyo mimi ndiye niliyezitoa kwenye rafu na kuzitia kwenye mashine, moja asubuhi, nyingine baada ya chakula. Unaishusha polepole, unazungusha hadi ishike, unatoa kifuniko, unafunga mlango, unasikia inaanza kunguruma. Niliipenda ile ngurumo. Sioni haya kusema. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kugusa kitu ambacho wanaume wenye tai walikiogopa.

Wekesa alikuwa mwembamba, mpole, akitembea kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Alikuwa amesomea kompyuta, na mwaka ule alijitwika kazi ambayo meneja aliitangaza kila mahali: kuandika upya ile sehemu ya moyo wa mashine inayozungumza na diski. Waliiita dereva. Mama Njoki, ambaye alikuwa mkubwa wetu na mtu wa kanisa mwenye mdomo usiojua Jumapili, alimuuliza siku moja tukila, "Injinia, hiyo dereva yako iko na kasoro gani? Si inaendesha tu?"

"Inaendesha vibaya, mama. Angalia huyu anayetupakulia githeri. Anakupokea, anakuuliza unataka nini, anapakua, anangoja umalize kula, anaosha sahani, halafu ndio anamwangalia mtu wa pili. Wote wamesimama."

"Si ndio maana tunakula baridi."

"Basi diski yetu iko hivyo. Ombi moja linaingia, linashika kila kitu, hakuna lingine linasonga. Kila kazi imefungwa fundo moja. Sasa nataka kulifungua. Mmoja apokee maombi tu, ayapange foleni. Mwingine ayapange vizuri, yale ya karibu na ule mkono wa kusoma diski yaende kwanza, usiwe unaruka huku na huku kama panzi. Mwingine atume. Diski ikimaliza inapiga kengele, na mwingine kazi yake ni kusikia kengele na kumrudishia mwenyewe jibu lake."

"Maombi yanapangwa foleni," akasema Mama Njoki. "Na mimi vile nimekuwa nikiombea mvua. Labda yangu iko nyuma ya ya watu wa Kangema."

Tulicheka, hata yeye Wekesa, na akanipa haragwe lake. Naeleza hayo ili ujue kwamba hakuwa mtu mbaya, na kwamba hilo ndilo linalonikera zaidi. Mtu mbaya akikutendea ubaya unasema sawa, mbwa ameuma, kazi ya mbwa ni hiyo. Wiki nyingi alikaa kwenye meza yake na makaratasi marefu yenye mistari, akikata, akiandika, akijisemesha kwa Kibukusu. Halmashauri ya wakulima haikutaka ile kazi. Mwenyekiti wao, Mzee Ndiritu, alisema mbele ya watu kwamba nyumba isiyovuja haibomolewi paa. Bwana Mathenge akasimama akajibu kwamba dereva mpya ataandikwa hapa hapa Nyeri, bila mzungu, na kwamba kazi ikishindikana, yeye meneja atakabidhi funguo za ofisi. Alipigiwa makofi. Nakumbuka mikono yake ilivyokuwa ikijipangusa kwenye koti, imeridhika.

Na ilifanya kazi. Sitasema uongo. Siku Wekesa alipoitia dereva mpya, karatasi zilizokuwa zikituchukua asubuhi nzima zilitoka kabla chai haijapoa, na Bwana Mathenge alitembea kila ofisi akisema "sisi" tuliandika. Lakini kiangazi kilizidi. Vumbi la barabara lilipita chini ya milango, likapita vichujio vya ule mtambo wa hewa, na mashine ikaanza kukohoa. Unasikia mkono wa diski unakwenda, unarudi, unakwenda tena, kama mtu anayetafuta mlango gizani. Baada ya muda wakulima wakaanza kuja na kadi zao. Mama mmoja wa upande wa mlimani, ambaye shamba lake lote tulilijua, kwenye karatasi za mashine alikuwa hana hata kilo. Mzee mwenye miti michache nyuma ya choo alipewa mzigo wa lori. Wengine walianza kumwita bwana mkubwa. Kicheko kilikuwa cha siku moja tu, kisha watu wakaona kwamba kahawa yao imeandikwa kwa majina ya wengine, katika mwaka ambao kahawa ndiyo iliyokuwa imebaki kati yao na njaa. Walijaa uwanjani, wameketi kwenye nyasi kavu, hawasemi kitu. Watu wa kwetu wakinyamaza, jihadhari.

Nilipeleka chai ofisini kwa meneja siku hiyo hiyo. Mlango ulikuwa wazi kidogo, na walikuwa wakizungumza bila kushusha sauti, kwa sababu mwenye sinia huonekana kama kiti. Wekesa alikuwa amesimama, uso wa kijivu. Alisema amelipata kosa na ni lake. Kila ombi lina sahani yake, alisema, kama zile za kibandani, sahani inayobeba ombi ni la nani na linakwenda wapi, na katika programu mpya aliirudisha sahani rafuni mapema, mara tu mkono wa diski unapoanza safari. Siku za kawaida haina neno. Lakini vumbi likifanya mkono ukosee na urudie, unarudia na sahani ambayo imeshapewa mtu mwingine, na kilo za huyu zinamwagwa kwa yule. "Naweza kulitengeneza leo," akasema. "Na kilo tutazipiga upya kutoka kwa kadi. Lakini wakulima waambiwe."

Bwana Mathenge alikoroga chai ambayo haikuwa na sukari. Akauliza, "Nani mwingine anajua?"

"Hakuna mtu."

"Basi dereva haina kosa. Diski ilianguka. Nani anabeba diski?"

Niliweka sinia mezani. Wekesa aliniangalia, kisha akaangalia dirisha. Wala hakuna aliyeniambia toka nje.

Nimemuuliza mjukuu wangu juu ya jambo hilo, yule wa pili, anayefanya kazi ya kompyuta Nairobi na ambaye mshahara wake ulinijengea tangi la maji. Nilimweleza kama nilivyoeleza hapa, sahani na kila kitu. Akacheka kwa upole, akasema, "Cucu, hiyo kosa hata mimi nimeifanya. Kila mtu wa kazi hii ameifanya. Unasema asubuhi, jioni umetengeneza, mnaenda nyumbani." Nilikaa na maneno hayo siku nyingi. Mnaenda nyumbani. Basi lilikuwa jambo dogo kiasi hicho, la mtu kusema asubuhi, na kwa sababu ya kitu kidogo hivyo walitaka kuchukua jina la msichana na kulitumia kama kitambaa cha kupangusia meza. Tena kila mtu kwenye chumba kile alijua kwamba diski iliyoanguka haisomi tena, inakwaruza na kulia hadi ukimbie, na ile yangu ilikuwa inazunguka palepale, inanguruma vizuri kama siku zote.

Asubuhi iliyofuata nilisikia mbuzi. Alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya mbao nyuma ya chumba cha mashine, dume mweupe mwenye baka jeusi usoni, mnene kwa mwaka kama ule. Bwana Mathenge aliniita, akanikaribisha nikae kwenye kiti cha wageni, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea. "Kairitu," akaniambia, yaani msichana mdogo, "wewe ni mtoto wa hapa, unajua desturi. Mtu akikosea wazee analeta mbuzi, anashika kamba, anasema kosa yake kwa mdomo yake, wazee wanabariki, wanakula, maneno yanaisha. Hakuna mtu anaweza kuyafufua. Mbuzi nimenunua mimi. Wewe ni kushika tu na kusema iliteleza. Kazi yako inabaki. Hata nitakuongeza."

Alisema hivyo kama mtu anayekupa zawadi. Alikuwa amemnunua mbuzi kabla ya kuniuliza. Hilo lilinipanda kichwani kuliko hata uongo wenyewe: kwamba alikwenda sokoni, akapima mbavu, akavutana bei, akamwongoza njia nzima, na muda wote huo mimi nilikuwa nimeshakubali ndani ya kichwa chake. Na alimtaka mbuzi kwa sababu alijua wazee. Karatasi ya kuomba msamaha wangeihoji hadi mwisho wa mwaka. Jambo lililokwisha kuliwa mbuzi halihojiwi. Nilimjibu nikiwa nimekaa kwenye kiti chake cha wageni, na sauti yangu nakumbuka ilikuwa ya kawaida kabisa: "Mimi sikuangusha kitu. Hiyo mbuzi si yangu, na kamba yake sishiki."

"Enda ufikirie," akasema. "Wazee wanakuja saa sita."

Nilimkuta Wekesa kwenye korido, na nikamwambia aseme. Alinivuta pembeni kwa kiwiko. "Dada Nyaguthii, nisikilize. Mimi ni mgeni hapa. Wakijua ni mimi watasema mtu wa magharibi amekula kahawa yao. Unajua watu walivyo na njaa."

"Na mimi watasema nini?"

"Wewe ni mtoto wao. Watakusamehe."

Sikumpiga. Watu wengi hufikiri nilimpiga, hadithi hiyo pia inazunguka. Nilimwangalia tu, huyo mtu aliyenipa haragwe lake, na nikaona kwamba alikuwa ameyafikiria hayo kwa makini, kama anavyofikiria mistari yake, na kwamba hesabu ilikuwa imemtokea sawa. Hofu yake haikuwa ya uongo, hilo namkubalia hata leo. Lakini mzigo wa hofu yake ulikuwa wake. Alinyoosha mkono tu na kuniwekea mimi kichwani, kwa sababu nilikuwa na mikono isiyomwaga.

Kibandani kila mtu alikuwa ameshajua. Harufu ya githeri ya njano ilikuwa ileile, na mpishi alikuwa ameshanoa kisu. Mama Njoki alinisogezea nafasi kwenye benchi. "Mtoto wangu, sema tu iliteleza. Ni neno moja. Si hata neno, ni pumzi."

"Haikuteleza, Mama Njoki."

"Najua haikuteleza. Nani hajui? Mimi nakuambia habari ya tumbo. Tangu mvua ikatae sijaweka nyama kwa mdomo, na wewe unakalia mbuzi mzima."

"Shika wewe kamba, basi. Useme uliangusha."

Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Utafukuzwa."

"Nitauza kabichi."

"Kabichi gani, na shamba limekauka?" Alilamba kijiko chake pande zote mbili. "Kichwa yako ni kama haya mahindi. Tunachemsha na hailainiki."

Nilifukuzwa kweli, na kabichi niliziuza kweli, mvua iliporudi, Karatina, miaka na miaka, nimesimama kwenye matope ya soko tangu kabla ya kucha. Watoto wangu walisomeshwa na kabichi. Wekesa alitengeneza kosa lake kimya kimya, kilo zikapigwa upya kutoka kwa kadi, kila mkulima akapata zake, na Bwana Mathenge hakukabidhi funguo kwa mtu yeyote. Kuna wanaoniambia kwamba ningeshika tu ile kamba, leo Mathenge angekuwa amefungwa mdomo na desturi, asingeweza kunyoosha fimbo Kangema na kunitaja, kwa sababu mbuzi angekuwa ameliwa. Ni kweli. Ningekuwa na kazi, na kimya, na ningekuwa mwongo. Wao wanaona hiyo ni bei nafuu. Ni kwa vile hawakuambiwa wao walipe.

Saa sita wazee walikaa uwanjani kwenye viti vya kukunja vilivyotolewa ofisini, Mzee Ndiritu katikati, na wakulima nyuma yao kwenye nyasi. Jua lilikuwa juu ya vichwa. Bwana Mathenge alisema maneno mengi juu ya vijana na haraka zao, na juu ya mikono yenye jasho, kisha akamleta mbuzi yeye mwenyewe na kuninyooshea kamba mbele ya watu wote. Mbuzi akala kipande cha nyasi karibu na mguu wangu. Wekesa alikuwa amesimama mlangoni pa chumba cha mashine, bado hana viatu. Niliweka mikono nyuma ya mgongo.

"Mbuzi hii imetoka boma gani?" akauliza Mzee Ndiritu, kwa sababu ndivyo huanza, mbuzi wa kosa hutoka nyumbani kwa mkosaji.

"Ya huyu msichana, mzee," akasema Bwana Mathenge.

"Nimeuliza yeye."

Uwanja wote ulikuwa macho. Nilimwangalia Wekesa kwanza, nikampa nafasi, ndefu kiasi kwamba mzee mmoja alikohoa. Aliangalia vidole vyake vya miguu. Basi nikamgeukia Mzee Ndiritu, nikamwambia, "Mimi sikuangusha kitu. Hiyo mbuzi si yangu, na kamba yake sishiki."

Watu wakanung'unika. Bwana Mathenge akacheka kidogo, akasema msichana ameingiwa na woga, jua kali, apewe maji. Mzee Ndiritu akainua mkono akamnyamazisha. Aliniangalia kwa muda, hana hasira, hana huruma, kama mtu anayepima mahindi kwa jicho.

"Mwanangu," akasema, "hawa watu wamepoteza kahawa na wanataka kusikia nani. Ukikataa, meneja atakufukuza mbele yangu, na mimi siwezi kumzuia. Ukitoka hapa watu watasema ulikosa na ukawa na kiburi pia. Umesikia hiyo?"

"Nimesikia, mzee."

"Basi nakuuliza mara ya pili, na hakuna ya tatu. Utashika kamba?"

"Mimi sikuangusha kitu. Hiyo mbuzi si yangu, na kamba yake sishiki."